Mali Bila Daftari, na Daftari Bila Msomaji

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu hutajwa sana madukani na katika vyama vya ushirika, mahali panapohesabiwa fedha na magunia. Leo tunautaja kwa ajili ya mpira wa miguu, na hasa mpira wa miguu wa India, nchi iliyo ng'ambo ya bahari hii hii tunayovua na kusafiria. India imeendesha ligi ya taifa tangu mwaka 1996, na mabao, pointi na majina yote yameandikwa. Hata hivyo kandanda ya nchi hiyo imejikuta katika mashaka makubwa, na mashaka hayo daftari lake lilikwisha kuyaonyesha mapema, mwaka baada ya mwaka.

Huenda msomaji akauliza: sisi watu wa visiwani tuna nini na mabao ya Kolkata na Goa? Kwanza, pande hizo si ngeni kwetu. Jina la Goa linajulikana Mji Mkongwe tangu zama za mababu, kwa Wagoa waliokaa pamoja nasi wakifanya kazi katika ofisi na maduka. Wapenzi wa kandanda nao wanamjua Khalid Aucho wa Uganda, ambaye kabla ya kujiunga na Yanga mwaka 2021 alikwisha kuzichezea East Bengal na Churchill Brothers huko India. Lakini sababu iliyo kubwa zaidi ni hii: nchi kubwa ikikosea hadharani, na makosa yake yakaandikwa kwa tarakimu, nchi ndogo hupata somo bila ya kulipa ada. Mwenye busara halikatai somo la namna hiyo.

Tuanze na daftari lenyewe, kwani India haina moja, inayo matatu. La kwanza ni la National Football League, iliyoanza msimu wa 1996–97. Bingwa wake wa kwanza alikuwa JCT, timu ya kiwanda cha nguo kutoka Phagwara katika jimbo la Punjab, na mfungaji wake bora alikuwa Bhaichung Bhutia, kijana wa Sikkim mwenye umri wa miaka 20, aliyepachika mabao 14. La pili ni la I-League, jina lililochukua mahali pa lile la kwanza mwaka 2007, na bingwa wake wa mwanzo alikuwa Dempo ya Goa. La tatu ni la Indian Super League, ligi iliyoanzishwa mwaka 2014 na kampuni ya biashara kwa mkataba na Shirikisho la Mpira wa Miguu la India. Ligi hii ilianza na timu nane zilizoundwa upya, na msimu wake wa kwanza ulichukua wiki kumi tu, kutoka tarehe 12 Oktoba hadi 20 Desemba. Kwa miaka kadhaa I-League iliendelea kando yake, nchi moja ikiwa na ligi mbili zinazovutana. Hatimaye, tangu msimu wa 2019–20, Super League ikatambuliwa kuwa ndiyo ya juu, na ile ya zamani ikabaki nyuma yake.

Kila daftari lilipofunguliwa, hesabu ilianza tena kwenye moja, kama kwamba mpira ulizaliwa asubuhi ile. Matokeo yake ni kwamba mtu akiuliza nani amefunga mabao mengi zaidi katika ligi ya India, hupewa majibu mawili. Daftari la zamani litamtaja Ranti Martins wa Nigeria, aliyefunga zaidi ya mabao 200 kwa Dempo na klabu nyinginezo, yakiwamo mabao 32 katika msimu mmoja wa 2011–12. Daftari jipya litamtaja Sunil Chhetri, nahodha mashuhuri wa India, ambaye katika msimu wa 2024–25 aliivuka rekodi ya Bartholomew Ogbeche ya mabao 63. Majibu yote mawili ni kweli, na kila moja ni nusu. Hata mabao ya Chhetri mwenyewe aliyofunga katika I-League hayamo katika hesabu yake ya Super League. Mchezaji mmoja, nchi moja, na mali yake imegawanyika katika vitabu viwili visivyosalimiana.

Hasara ya kuanza upya haiishii kwa wafungaji. JCT, bingwa wa kwanza wa taifa, ilivunjwa mwaka 2011. Mahindra United ya Mumbai, bingwa wa 2005–06, ilivunjwa mwaka 2010. Dempo, iliyotwaa ubingwa mara tano, pamoja na jirani zake wa Goa, Salgaocar na Sporting Clube de Goa, zilijitoa katika I-League kabla ya msimu wa 2016–17, zikiona kwamba njia ya juu imezibwa. Na wala daftari jipya halikusalimika. Atlético de Kolkata, bingwa wa kwanza wa Super League, iliungana mwaka 2020 na Mohun Bagan, klabu iliyoanzishwa mwaka 1889. Delhi Dynamos ilihamia Bhubaneswar mwaka 2019 ikawa Odisha. FC Pune City ilikufa mwaka huo huo, na mahali pake pakachukuliwa na Hyderabad. Hyderabad hiyo ilikuwa bingwa msimu wa 2021–22, na mwaka 2025 nayo ikahamia Delhi kwa jina jingine. Mzee wa Hyderabad aliyemnunulia mjukuu wake jezi ya mabingwa mwaka 2022 hana tena timu ya kuivalia jezi hiyo.

Tusiwe wachoyo wa sifa, maana yako mema mengi yaliyoandikwa humo. Siku ya ufunguzi wa Super League, watu zaidi ya 60,000 walikusanyika katika uwanja wa Salt Lake, Kolkata, na bao la kwanza la ligi hiyo likafungwa na Fikru Teferra, mwana wa Ethiopia. Wenyeji waliifunga Mumbai City mabao 3–0. Nchi ambayo kriketi imeushika moyo wake iliona kwamba mpira wa miguu nao unaweza kujaza uwanja na kuwakusanya watu mbele ya televisheni. Timu nane zikawa kumi mwaka 2017, na kufikia msimu wa 2024–25 zilikuwa kumi na tatu. Michezo kumi na minne ya msimu kwa kila timu ikawa ishirini na minne. Katika msimu huo Mohun Bagan ilikusanya pointi 56, ambazo hakuna timu iliyowahi kuzifikia, ikawa ya kwanza kuitetea Ngao ya Ligi, kisha ikaifunga Bengaluru 2–1 katika muda wa nyongeza na kuongeza kombe la fainali. Haya si mafanikio ya kudharauliwa.

Lakini daftari halikuwekwa kwa ajili ya sifa peke yake. Upo ukurasa mmoja ambao, kwa maoni yetu, kila kiongozi wa michezo wa India angepaswa kuusoma kila mwaka kabla hajalala. Ni ukurasa wa wafungaji bora wa Super League. Tuusome pamoja. Mwaka 2014, Elano wa Brazil, mabao 8. Mwaka 2015, Stiven Mendoza wa Kolombia, mabao 13. Mwaka 2016, Marcelinho wa Brazil, mabao 10. Msimu wa 2017–18 na ule wa 2018–19, Ferran Corominas wa Hispania, mabao 18 na kisha 16. Msimu wa 2019–20, Nerijus Valskis wa Lithuania, mabao 15. Msimu wa 2020–21, Igor Angulo wa Hispania, mabao 14. Msimu wa 2021–22, Ogbeche wa Nigeria, mabao 18. Msimu wa 2022–23, Diego Mauricio wa Brazil, mabao 12. Msimu wa 2023–24, Dimitrios Diamantakos wa Ugiriki, mabao 13. Na msimu wa 2024–25, Alaaeddine Ajaraie wa Moroko, mabao 23, rekodi ya msimu mmoja.

Misimu kumi na mmoja, wafungaji bora kumi, na hakuna Mhindi hata mmoja miongoni mwao.

Tufungue sasa ukurasa wa makocha waliotwaa kombe la fainali. Katika misimu hiyo hiyo kumi na mmoja, mara nane kombe lilichukuliwa na kocha kutoka Hispania. Mara tatu zilizobaki lilichukuliwa na Mwitaliano, Mwingereza na mtu wa Jamhuri ya Cheki. Mwenyeji hayumo. Na hii ni nchi ambayo timu yake ya taifa ilitwaa medali ya dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 1951 na tena mwaka 1962, na kushika nafasi ya nne katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Kocha aliyewaongoza katika mafanikio hayo yote alikuwa Syed Abdul Rahim, mwana wa Hyderabad ambaye kazi yake ilikuwa ualimu.

Yapo majibu ambayo watetezi wa ligi hiyo huyatoa, na haki inatutaka tuyasikilize. Husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wameleta ujuzi, nidhamu ya mazoezi, na watazamaji ambao wasingekuja. Husema pia kwamba wahusika hawakulala. Katika misimu mitatu ya mwanzo timu iliruhusiwa kuwa na wageni sita uwanjani. Kuanzia 2017–18 wakawa watano, na kuanzia 2021–22 wakawa wanne. Hayo yote ni kweli, na hatuna chuki na wageni. Sisi watu wa pwani ni wa mwisho kuwafukuza wageni mlangoni.

Ila tunaomba ukurasa ule ule usomwe tena, kwa makini zaidi. Wageni walipopunguzwa hadi wanne, wafungaji bora wa misimu minne iliyofuata walikuwa Mnigeria, Mbrazil, Mgiriki na Mmoroko. Kanuni ilibadilika, ukurasa haukubadilika. Sababu yake haihitaji darubini. Klabu ikiambiwa wageni wake wapungue, itamwondoa beki au kiungo, na mshambuliaji itambakiza, kwa kuwa bao ndilo linalouza tiketi na kumlindia kocha kibarua chake. Kanuni ilihesabu vichwa, haikuhesabu nafasi. Mwenyeji alipewa nafasi ya kukimbia pembeni na kulinda nyuma, lakini mbele ya lango, mahali ambapo mtu hujifunza kufunga kwa kukosa na kujaribu tena, alisimama mwingine.

Wala hatukubali kwamba India haina vijana wa kufunga. Bhutia alikuwa mfungaji bora wa taifa akiwa na miaka 20, katika ligi ya kwanza kabisa. Msimu wa 2020–21, Bidyashagar Singh, kijana aliyeichezea TRAU ya Imphal, aliibuka mfungaji bora wa I-League kwa mabao 12, akiwapita wageni wote waliokuwamo. Akasajiliwa na klabu kubwa ya Super League. Huko hakupata nafasi ya kudumu, na baadaye akaazimwa kwa klabu nyingine. Mti ulikwisha kuzaa, kisha ukang'olewa na kupandwa kivulini.

Malipo ya jambo hili yalikuja kudaiwa kwa timu ya taifa. Januari 2024, katika fainali za Kombe la Asia zilizochezwa Qatar, India ilicheza na Australia, Uzbekistan na Syria. Ilifungwa michezo yote mitatu, na haikupata bao hata moja. Tarehe 6 Juni mwaka huo, Sunil Chhetri, akiwa na miaka 39 na mabao 94 ya taifa, aliaga katika uwanja wa Salt Lake. Walicheza na Kuwait, wakatoka sare bila bao. Mwaka 2024 ukamalizika bila India kushinda mchezo wowote. Ndipo mwezi Machi 2025 Chhetri akaombwa arudi. Mtu wa miaka 40 akarudi uwanjani Shillong, tarehe 19 Machi, akafunga bao lake la 95 dhidi ya Maldivi, na India ikashinda 3–0. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, iliyolazimika kumrudisha mzee wake ili apatikane wa kuwashinda watu wa visiwa vidogo, ilikuwa imesoma hadharani ule ukurasa ambao kwa miaka kumi haukusomwa ofisini.

Katika msimu huo wa ligi Chhetri huyo huyo alifunga mabao 14, akawa wa pili nyuma ya Ajaraie. Yaani mwenyeji aliyekaribia kiti cha mfungaji bora alikuwa ndiye yule aliyekwisha kuaga timu ya taifa. Tarehe 14 Oktoba 2025 India ilifungwa na Singapore 2–1 huko Margao, ikapoteza njia ya kwenda Kombe la Asia la 2027. Mwezi uliofuata ikafungwa na Bangladesh bao 1–0 mjini Dhaka.

Liko jambo la pili ambalo daftari la India linalisema wazi, nalo linahusu mlango. Msimu wa 2015–16, Aizawl, timu ya mji wa milimani katika jimbo la Mizoram, iliteremka daraja katika I-League, kisha ikarudishwa kujaza nafasi za waliojitoa. Msimu uliofuata, chini ya kocha mwenyeji Khalid Jamil, timu hiyo hiyo ikawa bingwa kwa pointi 37, ikiizidi Mohun Bagan kwa pointi moja. Haijapata kutokea timu ya kaskazini mashariki ya India kutwaa ubingwa wa taifa kabla ya siku ile. Mwaka huo huo wa 2017 Super League iliongeza timu mbili. Zilizochukuliwa ni Bengaluru na Jamshedpur, kwa utaratibu wa zabuni, na Jamshedpur ilikuwa timu mpya kabisa. Aizawl ikabaki nje na kombe lake mkononi.

Tunajua kwamba ligi huhitaji fedha, na kwamba mji mdogo hauna matajiri wengi. Lakini kombe linaposhindwa kufungua mlango ambao hundi inaufungua, msimamo wa ligi unakuwa pambo la ukutani. Mpaka mwaka 2023 ndipo timu ya kwanza, Punjab, ilipoingia Super League kwa kushinda I-League, na Mohammedan ya Kolkata ikafuata mwaka 2024. Kwa upande wa kuteremka, hadi kumalizika kwa msimu wa 2024–25 hakuna timu iliyowahi kushushwa. Mohammedan ilimaliza ya mwisho msimu huo na ikabaki pale pale. Tuseme la haki pia: kocha yule wa Aizawl, Khalid Jamil, aliteuliwa Agosti 2025 kuwa kocha wa timu ya taifa. Ilichukua miaka minane tangu ubingwa wake.

Jambo la tatu ni la karatasi za usajili, nalo maofisa wetu tunawaomba walitazame kwa jicho la karibu. I-League ya 2024–25 ilimalizika tarehe 6 Aprili 2025, Churchill Brothers ya Goa ikiwa na pointi 40 na Inter Kashi ya Varanasi ikiwa na 39. Hata hivyo mashauri yalikuwa bado yako mezani: je, mchezaji fulani wa Namdhari alistahili kucheza siku ile ya Januari? Je, usajili wa mgeni fulani wa Inter Kashi ulikuwa halali? Vyombo vya Shirikisho vilitoa hukumu zilizopingana, ubingwa ukapewa Churchill, na shauri likavuka bahari hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne, Uswisi. Mwezi Julai 2025 mahakama hiyo ikaamua kwamba bingwa ni Inter Kashi. Wachezaji wa Goa waliokwisha kushangilia wakayarudisha machozi yao. Wale wa Varanasi wakapewa ushindi katika mwezi ambao hakuna mpira uliokuwa ukichezwa. Jina moja likichunguzwa vizuri kabla ya mchezo, safari hiyo yote ya Uswisi haihitajiki.

La mwisho ni la mkataba. Tarehe 9 Desemba 2010 Shirikisho la India lilitia sahihi mkataba wa miaka kumi na mitano na washirika wake wa biashara, kwa thamani ya rupia bilioni 7. Hesabu ya kumi na tano haihitaji mtaalamu wa takwimu. Tangu siku wino ulipokuwa mbichi ilijulikana kwamba mkataba utafikia mwisho Desemba 2025. Pamoja na hayo, Julai 2025 ilifika bila mkataba mpya, na kampuni iliyoendesha ligi ikatangaza kwamba msimu wa 2025–26 umesimamishwa. Klabu zikafunga kambi, na zipo zilizositisha mishahara. Ilipotangazwa zabuni ya kumpata mwendeshaji mpya, mwezi Novemba siku ya mwisho ilifika bila mtu kuleta hata bahasha moja. Ikabidi Serikali iingie kati. Januari 2026 Waziri wa Michezo akatangaza kwamba ligi itaanza tarehe 14 Februari na klabu 14, kwa msimu uliofupishwa. Msimu uliozoea kuanza Septemba au Oktoba ulipangiwa kuanza wakati ambao kwa kawaida hukaribia kumalizika.

Katika mambo yote haya manne, hakuna hata moja lililokuwa siri. Wafungaji walijulikana, mlango uliofungwa ulijulikana, karatasi za usajili zilikuwapo, na tarehe ya mkataba ilikuwa imeandikwa. India haikukosa takwimu. Iliyokosekana ni mtu mwenye mamlaka anayezifungua takwimu hizo, anauliza zinasema nini, na kutoa amri kabla ya maji kumfika shingoni. Daftari lisilosomwa ni sawa na ngalawa iliyofungwa gatini: imekamilika kwa kila kitu, na haimvushi mtu.

Nasi visiwani tujitazame. Sehemu kubwa ya historia ya kandanda yetu imo vichwani mwa wazee wanaokaa barazani jioni, na katika madaftari ya shule ambayo makatibu wa klabu waliyajaza kwa mkono na mchwa wakayamaliza. Mzee mmoja akifariki, misimu kumi huzikwa pamoja naye. Kwa hiyo gazeti hili linawaomba viongozi wanaohusika na michezo wayafikirie mambo machache, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, daftari liwe moja na lisikatike. Mfadhili akibadilika, jina la ligi likibadilika, hata timu ikifa, hesabu iendelee pale ilipoishia, na mabao ya wazee yakae katika safu moja na ya vijana. Mfadhili ni mpita njia, mpira ni wa wananchi.

Pili, kisiandikwe tu nani alifunga na nani alishinda. Iandikwe pia ni dakika ngapi vijana wa hapa walicheza, na katika nafasi gani. Mwisho wa msimu ukurasa huo usomwe mbele ya kikao chenye uwezo wa kuamua, na maamuzi yake yatangazwe.

Tatu, usajili wa kila mchezaji ukamilike na ubandikwe hadharani kabla ya filimbi ya kwanza, ili bingwa apatikane uwanjani. Klabu yenye malalamiko iyalete mapema, na ijibiwe mapema.

Nne, mkataba wowote wa ligi uwe na siku yake ya mwisho iliyoandikwa kwa herufi kubwa katika ofisi ya mhusika, na mazungumzo ya mkataba unaofuata yaanze miaka miwili kabla. Mvuvi hangoji tanga lipasuke katikati ya mkondo ndipo atafute uzi na sindano.

Wananchi nao wana sehemu yao. Aliye na picha za zamani, kadi za wachezaji, matokeo yaliyokatwa magazetini au daftari la klabu lililosalia sandukuni, asilitupe wala asiliache lioze. Alipeleke kwa katibu wa klabu yake au kwenye maktaba, linakiliwe. Na vijana wanaosoma wawaendee wazee pale barazani na kalamu mkononi, wawaulize majina na miaka, kisha walinganishe maelezo ya mmoja na ya mwingine.

India ni nchi kubwa yenye viwanja, fedha na watu, na inayo nafasi ya kujirekebisha. Tunaitakia heri. Wafungaji wa msimu ulioanza Februari 2026 nao wataingia katika ule ukurasa tuliousoma. Viongozi wa kandanda wa Delhi wautazame, na wetu huku wautazame pamoja nao, kisha warudi wafungue daftari lililo juu ya meza zao wenyewe.